Vibali vya mamlaka ya barabara kwa anayejenga: maswali ninayoulizwa kila siku

Mtu anahangaika na kibali cha ujenzi miezi, kinatoka, anaita mafundi, msingi unaanza kuchimbwa, alafu siku ya nne gari ya mamlaka ya barabara inasimama mbele ya saiti na kazi yote inasimama. Nimeyaona haya mara nyingi mno. Kazi yangu ni kufuatilia vibali vya barabara kwa wanaojenga, na kabla ya hapo nilikaa upande wa pili wa meza nikiyapitia hayo maombi, kwahiyo maswali ninayoyajibu hapa nimeulizwa na watu wa kila aina, wenye nyumba, mafundi, makontrakta, hata wasanifu majengo. Majina ya fomu na kiasi cha ada vinabadilika ukitoka nchi moja kwenda nyingine ila mambo yenyewe yanafanana karibu kila mahali.

Mimi najenga ndani ya kiwanja changu, sasa barabara inanihusu nini?

Inakuhusu kuanzia kwenye bikoni. Kiwanja chako kinaishia pale jiwe la mpaka lilipo, kutoka hapo mpaka kwenye lami na kuvuka upande wa pili ni hifadhi ya barabara, hata kama ni majani tu yameota, hata kama wewe ndo unayafyeka kila mwezi na umepanda maua. Wengi wanadhani barabara ni ile lami peke yake. Hapana, ni pamoja na mabega yake, mtaro, njia ya waenda kwa miguu, ardhi ya chini yenye mabomba na nyaya, na mara nyingi hata hewa iliyo juu.

Sasa fikiria siku moja tu ya ujenzi wa kawaida. Lori la kokoto linarudi nyuma kuingia getini na limeziba njia nzima kwa dakika 5. Mchanga haukuenea ndani kwahiyo nusu umemwagwa nje. Jukwaa la mafundi wa plasta limetokeza mita 1 juu ya njia ya watu, mkono wa kreni unazunguka juu ya vichwa vya waliosimama kituoni, pampu ya zege imetanua miguu yake na miguu miwili iko kwenye lami. Hakuna hata kimoja hapo kilichofanyika ndani ya kiwanja chako. Ni barabara ya watu wote umeiazima, na kibali ndo makubaliano ya kuazima: umechukua kipande gani, kwa muda gani, wenzako watapita wapi wakati kiko mikononi mwako, na utakirudisha kikiwa na hali gani. Ukilishika hilo, maswali mengine yote huko chini yanakuwa mepesi.

Lakini kibali cha ujenzi ninacho, hakitoshi?

Hakitoshi. Kile kinaongelea jengo. Kuna sehemu maombi yote mawili yanapitia dirisha moja, lakini hata hapo ni maamuzi mawili tofauti na moja kukubaliwa haimaanishi la pili limekubaliwa. Soma masharti yaliyoambatanishwa na kibali chako cha ujenzi mpaka ukurasa wa mwisho, mara nyingi kuna mstari kabisa unaokukataza kugusa hifadhi ya barabara bila ridhaa ya wenye barabara, ni vile tu watu hawafiki huo ukurasa.

Ni kibali kimoja au ni vingi?

Inategemea sheria ya pale ulipo. Sheria ya barabara ya Uingereza ya mwaka 1980 imevitenganisha, kifungu cha 139 ni cha makontena ya kubebea kifusi, 169 ni majukwaa, 171 ni kuweka vifaa vya ujenzi au kuchimba, 172 ni uzio unaozungushia saiti. Kule New South Wales, Australia, sheria yao ya barabara ya 1993 ina kifungu cha 138 ambacho kinakusanya karibu kila kitu, huwezi kujenga, kuchimba, kuondoa au kuunganisha chochote kwenye barabara ya umma bila ridhaa.

Kwa matumizi ya kawaida mimi huwa nawaambia watu wajiulize mambo manne. Je nitakalia sehemu ya barabara, kwa uzio, jukwaa, kontena, kreni au rundo la mchanga? Je nitaichimba? Je nitajenga kitu cha kudumu kinachoungana nayo, kama njia ya gari kuingia au bomba la maji ya mvua kumwaga mtaroni? Na je nitapitisha mzigo mzito au mpana kuliko kawaida? Kila ndiyo ni ombi lake, au kipengele chake ndani ya ombi moja. Mradi mdogo wa ghorofa unaweza ukawa na ndiyo nne zote, usishtuke.

Nitajuaje barabara ya mbele ya kwangu ni ya nani?

Hili linapotezea watu wiki nzima. Barabara za nchi moja hazina mwenyewe mmoja. Tanzania barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS na za wilaya, mijini na vijijini ziko TARURA, Kenya wana KeNHA ya barabara kuu, KURA ya mijini na KeRRA ya vijijini, Marekani kuna za jimbo, za kaunti na za mji, na zote zinaweza kukutana kwenye makutano yaleyale. Kiwanja cha kona kinaweza kuwa na wenye barabara wawili, mbele huyu, ubavuni yule. Usiulize majirani, nenda na ramani ya kiwanja au kodineti mpaka ofisini na uombe wakuandikie kwamba barabara hii ni yao. Hata barua pepe ya mistari miwili inatosha.

Kuna jambo lingine hapohapo. Uliza upana wa hifadhi umepimwa kutoka wapi, manake sehemu nyingi unapimwa kutoka katikati ya barabara kwenda kila upande, na kama barabara iliwahi kusogezwa ile katikati unayoiona leo inaweza isiwe ile iliyoandikwa kwenye michoro. Mpima ardhi atakusaidia. Usipime kwa hatua.

Wanataka nini kwenye maombi?

Fomu yenyewe ndo nyepesi. Kinachopitisha au kuangusha ombi ni mchoro. Nilipokuwa napokea maombi nilikuwa nafungua mchoro kabla hata ya kusoma jina la mwombaji, na ndani ya dakika moja najua kama huyu mtu amefika saiti yake au amekaa ofisini akabuni.

Mchoro mzuri haulazimiki kuwa wa kompyuta ila lazima uwe na vipimo vya kweli. Onyesha mpaka wa kiwanja, ukingo wa lami, upana wa lami yote, upana wa njia ya waenda kwa miguu, mtaro, nguzo za umeme na taa, mifuniko ya chemba, miti, vivuko vya watu, kituo cha basi, geti la jirani. Alafu juu ya hapo chora kile unachotaka kuweka, kwa vipimo, na uandike kinachobaki. Hicho kinachobaki ndo anachokitafuta mkaguzi! Ukiandika "uzio utachukua sehemu ya njia ya watu" umemwachia kazi ya kukisia, na mtu anayekisia anakataa. Ukiandika njia ina mita 2.4, uzio utachukua 0.9, itabaki mita 1.5 na nguzo ya taa haiko ndani ya hiyo 1.5, umemaliza kazi yake. Mwongozo wa usalama wa kazi za barabarani wa Uingereza unapendekeza hiyo mita 1.5 na unashuka mpaka mita 1 pale tu ambapo hakuna namna, mimi hata kwingine natumia hicho kipimo kama cha kuanzia kwa sababu mtu wa kiti cha magurudumu anapita bila kuomba msaada.

Mbali na mchoro utatakiwa hati ya umiliki au barua ya mwenye kiwanja, nakala ya kibali cha ujenzi, bima ya madhara kwa watu wengine ikiwa bado hai mpaka siku ya mwisho ya kazi na sio siku ya kuomba, namna ya kazi hatua kwa hatua, tarehe na saa, na namba ya simu ya mtu anayepokea hata usiku. Hiyo namba sio mapambo. Koni zikigongwa saa 8 usiku lazima kuwe na mtu wa kuja kuzisimamisha.

Mpango wa usimamizi wa trafiki ni lazima? Si tutaweka tu koni?

Ni lazima popote utakapobadilisha njia ya gari au ya mtu, na koni bila mpango zinaweza zikawa hatari zaidi ya kutokuwa nazo, manake dereva anaziona dakika ya mwisho na anakwepa kuingilia upande wa pili.

Tuchukue mfano. Unataka kufunga njia moja yenye upana wa mita 3 kwenye barabara ya kilometa 50 kwa saa. Mwongozo wa alama za barabarani wa Marekani unakupa hesabu kwa mwendo mdogo: upana zidisha mwendo mara mwendo, gawanya kwa 155. Hapo ni 3 mara 2,500 gawanya kwa 155, unapata kama mita 48. Hizo mita 48 ni mstari wa koni wa mshazari tu, unaomsogeza dereva taratibu kutoka kwenye njia inayofungwa, na kabla yake bado kuna vibao vya onyo na baada yake kuna nafasi tupu ya usalama kabla ya kumfikia fundi wa kwanza. Kwahiyo mtu anayesema anahitaji mita 10 tu mbele ya geti lake kwa ajili ya kreni, kiukweli anahitaji karibu mita 100 za barabara na huenda anafika kwenye makutano bila kujua. Ndo maana ombi la "nafasi ndogo tu" linarudi na maswali 12.

Na watembea kwa miguu je? Hapa ndo moyo wangu ulipo na nitaeleza kwa nini. Kwenye saiti moja niliyokuwa nasimamia tulichimba mtaro wa bomba kwenye njia ya watu tukazungushia utepe wa rangi nyekundu na nyeupe, utepe ulikuwa juu ya goti hivi, tukaona tumemaliza. Asubuhi akaja mzee asiyeona na fimbo yake nyeupe. Fimbo ikapita chini ya utepe, haikugusa kitu, mguu wa kulia ukafika kwenye ukingo na udongo ukaanza kumeguka. Fundi mmoja alikuwa ndani ya mtaro, akanyoosha mikono yote miwili akamshika miguu huku anapiga kelele, tukamvuta nyuma. Mtaro ulikuwa na kina cha mita 1.6 na chini kulikuwa na nondo zimesimama. Mpango ule niliusaini mimi.

Tangu siku ile sikubali utepe. Kizuizi kiwe kigumu, na kiwe na ubao wa chini ambao fimbo itaugonga, Waingereza wanataka ubao huo uwe na upana wa milimita 150 au zaidi na ukingo wake wa chini usizidi milimita 200 kutoka ardhini. Ukifunga njia ya watu wape nyingine, iliyo salama, yenye mteremko mdogo wa kushukia kwenye lami, yenye taa usiku, na sio kibao cha "vuka upande wa pili" pale ambapo upande wa pili hakuna pa kutembea.

Inachukua muda gani?

Muda mrefu kuliko unavyodhani, na mara nyingi sio kwa sababu mtu amelala ofisini. Ombi lako likishapokelewa linazungushwa, wa maji wanaulizwa, wa umeme, wa mawasiliano, polisi wa barabarani, wa mabasi kama kuna kituo, na wanaangalia kama kuna mradi mwingine umeshapewa barabara hiyohiyo wiki hiyohiyo. Jibu la mwisho linasubiri wa mwisho kati yao. Ukiomba kibali wakati kontrakta ameshasaini mkataba na siku zinahesabiwa umejifunga mwenyewe. Mimi naanza wakati michoro ya jengo bado iko kwa msanifu, hasa njia ya kuingilia kiwanjani, kwa sababu wakisema geti haliwezi kukaa hapo jengo lote linaweza kugeuka.

Angalia pia tarehe na saa zilizoandikwa, sio tarehe peke yake. Kuna siku nilikuwa na zege la slabu, kibali kinaruhusu pampu kukaa barabarani saa 3 asubuhi mpaka saa 9 mchana. Gari la mwisho lilichelewa kwenye foleni likafika saa 9 na dakika 20, mkaguzi alikuwa amesimama palepale, pampu ikafungwa. Kanuni ya siku nyingi kwenye zege la kuchanganya ni kulimwaga ndani ya dakika 90 tangu maji yaguse saruji, na lile lilikuwa limeshakula 80. Likarudi na kumwagwa kusikojulikana, na slabu ikabaki na kiungo, yaani pale zege la siku moja linapokutana na la siku nyingine, mahali ambapo mhandisi hakukitaka. Omba masaa mawili ya ziada tangu mwanzo, kuomba hakukugharimu chochote.

Kwa nini nilipe ada na bado niweke amana?

Ni vitu viwili. Ada ni ya kupitia ombi na kukagua, na mara nyingine ni kodi ya eneo, mita za mraba mara siku, hiyo hairudi. Amana au dhamana ya benki ni ya kurekebisha barabara kama ukiiharibu na ukaondoka, hiyo inarudi kazi ikikaguliwa na kukubalika.

Ili irudi unahitaji ushahidi wa hali ya mwanzo. Kabla ya lori la kwanza kuingia, tembea na simu, piga picha kila ufa wa lami, kila ukingo uliovunjika, kila mfuniko wa chemba uliozama, weka futi ya kupimia ndani ya picha ili ukubwa uonekane, na zitume kwa barua pepe kwa mamlaka siku hiyohiyo ili tarehe isiwe ya ubishi. Kazi ya saa moja tu. Nimeona watu wakikatwa amana kwa ufa ambao ulikuwepo kabla hata hawajanunua kiwanja, na hawakuwa na picha hata moja.

Nitachimba lami kupitisha bomba, kuna masharti gani?

Hapa masharti ni makali na yana haki ya kuwa makali. Barabara ni tabaka juu ya tabaka, zilizoshindiliwa moja moja, na ukishakata huwezi kuirudisha ilivyokuwa, unaweza tu kuikaribia. Kiraka kibovu kinaanza na shimo lililofukiwa haraka, udongo unamwagwa wote kwa mara moja, unapigwa juu tu, siku hiyo pako sawa, mvua zikija unashuka, maji yanakaa, na gari zinamalizia.

Kwahiyo watakuambia ukate lami kwa msumeno, mstari ulionyooka, sio kwa sururu. Ufukie kwa tabaka za kama milimita 150, kila moja ishindiliwe kwa mashine ikiwa na unyevu unaofaa. Suala la unyevu sio ushirikina wa maabara, mhandisi Ralph Proctor alilionyesha California mwaka 1933, udongo ukiwa mkavu sana haushikani, ukiwa na maji mengi maji yanakalia nafasi, katikati kuna kiasi ambacho unashindilika kuliko vingine vyote, na kipimo chenye jina lake ndo kinatumika mpaka leo. Ukiambiwa ufikie asilimia 95 ya Proctor maana yake ni uzito wa udongo wako uliokauka kwa ujazo, ukilinganishwa na ule wa juu kabisa uliopatikana maabara. Usifukie na udongo uleule uliotoka kama una mizizi, taka au tope.

Dhamana ya kiraka nayo ipo. Uingereza anayechimba anawajibika miaka 2, na kama kina kimezidi mita 1.5 ni miaka 3. New York barabara iliyowekwa lami upya inalindwa miaka 5 na ukitaka kuichimba ndani ya huo muda masharti yanaongezeka. Kwahiyo kabla ya kuchagua pa kupitisha bomba uliza lami iliwekwa lini, na uliza kama wanakubali kupitisha chini kwa chini bila kukata. Mara nyingi inalipa.

Usalama wa mtaro wenyewe msiufanyie mzaha. Mita 1 ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, mtu akifunikwa mpaka kifuani hawezi kupumua hata kama kichwa kiko nje. Sheria za usalama kazini za Marekani zinataka kuta zizuiwe au zilazwe kuanzia kina cha kama mita 1.5, isipokuwa kwenye mwamba mtupu, na hata chini ya hapo kama dalili za kuporomoka zipo.

Nitajuaje chini kuna nini?

Omba ramani kwa kila mwenye miundombinu, alafu usiziamini peke yake. Ramani inakuambia kitu kipo, haikuambii kiko hapohapo. Ita wenye kifaa cha kutafuta nyaya na mabomba, wapake rangi juu ya ardhi, alafu chimbeni mashimo madogo ya majaribio kwa mkono kabla ya mashine kushuka. Rangi zinatofautiana kwa nchi, Marekani nyekundu ni umeme, njano gesi na mafuta, chungwa mawasiliano, bluu maji ya kunywa, kijani majitaka, nyeupe ni pale unapokusudia kuchimba. Ukiona utepe wa plastiki ndani ya udongo simamisha mashine, uliwekwa pale makusudi kukuambia kuna kitu chini yake.

Nataka tu geti la gari litoke barabarani, hilo nalo lina kibali?

Lina, na ni la kudumu kwahiyo wanaliangalia zaidi. Wanaangalia mambo mawili, maji na macho.

Maji ni mtaro. Watu wanaufukia na kifusi au wanatupia bomba dogo la kipenyo chochote kilichopatikana, alafu mvua ikija maji yanapanda barabarani na kuingia kwa jirani wa juu. Kalvati la getini, yaani bomba la kupitisha maji ya mtaro chini ya njia ya gari, lisiwe dogo kuliko mtaro unaolilisha na liwekwe kwa mteremko wa mtaro, mamlaka watakupa kipenyo, kifuate.

Macho ni umbali anaoona dereva anayetoka. Gari ya kilometa 50 kwa saa inakwenda karibu mita 14 kila sekunde, dereva akichelewa sekunde moja na nusu kabla ya kukanyaga breki ameshakula mita 21, na kusimama kwenyewe kunachukua kama hizo tena. Kwahiyo anayetoka getini lazima aone zaidi ya mita 40 kila upande akiwa amekaa kwenye kiti cha gari. Ukuta mrefu mpaka kwenye kona ya geti unaua hiyo nafasi. Kata kona za ukuta, ushushe urefu wake pale, na geti lifungukie ndani na lirudi nyuma kiasi gari isubiri bila kuacha mkia barabarani.

Malori yana kibali chao?

Uzito wa kawaida wa kisheria hauhitaji, ukizidi unahitaji, na saiti nyingine wanapewa njia maalum ya malori kupita. Sababu ipo kwenye jaribio kubwa lililofanyika karibu na Ottawa, Illinois, mwaka 1958 mpaka 1960, malori yalizungushwa mchana na usiku kwenye barabara za majaribio, na ikaonekana uharibifu unapanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, ule mhimili wa magurudumu, yaani uzito mara uzito mara uzito mara uzito. Yaani ekseli iliyotakiwa kubeba tani 10 ukiipa 13 umeongeza mzigo asilimia 30 ila uharibifu ni karibu mara 3. Ukiona msambazaji anakuuzia mchanga kwa bei ya chini kwa sababu anajaza mpaka juu ya bodi, ujue lami ya mbele ya geti lako ndo inalipia.

Aombe nani, mwenye nyumba au kontrakta?

Vyovyote sheria inavyoruhusu, ila iandikwe kwenye mkataba kabla ya kazi. Nimekuta mwenye nyumba anaamini kontrakta ameomba, kontrakta anaamini mwenye nyumba ameomba, na jukwaa limeshasimama ghorofa ya tatu. Kwa uzoefu wangu ya muda aombe kontrakta kwa sababu ndo anajua kreni itakaa wapi, ya kudumu kama geti na bomba aombe mwenye nyumba kwa sababu atabaki nayo.

Nimeshaanza bila kibali, nifanye nini?

Simamisha kile kilicho barabarani leo, sio kesho. Funika mashimo, toa mchanga, rudisha uzio ndani, alafu nenda mwenyewe ofisini kabla hawajaja. Peleka picha na mchoro, sema nimeanza siku fulani na nimesimamisha. Faini inaweza kuwepo na utailipa, lakini mtu aliyekuja mwenyewe anaongeleshwa tofauti na aliyekamatwa, nilikuwa upande ule wa meza naijua tofauti hiyo. Na usimpe mtu yeyote pesa ya mkononi ili afumbe macho. Yule akihamishwa kituo wewe unabaki na barabara iliyochimbwa na hakuna karatasi.

Bomba limepasuka usiku, nisubiri kibali?

Usisubiri. Karibu kila sheria inaruhusu kazi ya dharura kuanza palepale kwa sharti la kutoa taarifa mara moja na kuomba rasmi ndani ya muda mfupi baadaye. Weka vizuizi na taa kwanza, piga simu, andika saa uliyopiga na jina la aliyepokea. Kazi iliyochelewa sio dharura, wanajua.

Kazi imeisha, nimemaliza?

Bado. Kibali hakijifungi chenyewe, usipotoa taarifa siku zinaendelea kuhesabiwa na kodi ya eneo inaendelea kupanda. Fagia barabara, safisha mtaro wa mbele na mita kadhaa za chini yake maana saruji na mchanga vimeingia humo, rudia picha zilezile za mwanzo kutoka sehemu zilezile, alafu ita mkaguzi mtembee wote wawili. Akikuonyesha kasoro iandike na muwekeane tarehe. Kama ulipitisha bomba peleka mchoro wa ilivyojengwa kweli, kina na umbali kutoka mpaka, ili atakayechimba hapo miaka 10 ijayo asilikate la kwako.

Ukipewa barua ya kukubaliwa na amana ikarudi, hiyo barua iweke bahasha moja na hati ya kiwanja. Siku ukiuza, mwanasheria wa mnunuzi atauliza lile kalvati la getini liliwekwa kwa ruhusa ya nani.